Maji ya Kati

Kwa Siti binti Hamadi, mwanangu, uliye chumba cha pili.

Ala, nakuandikia barua na sauti yako naisikia! Unacheka huko ndani, somo yako anakusinga liwa, shangazi zako wamejazana juu ya kitanda changu, na mimi kila nikichungulia naambiwa, "Mama mtu, toka, leo hapa si pako." Ebo! Nyumba yangu, kitanda changu, mtoto wangu, halafu si pangu. Tangu asubuhi natafuta nafasi ya kukwambia neno moja na sijaipata. Basi nimekuja kukaa huku uani karibu na sanduku la kioo, kalamu nimemwibia babako, na yaliyokataa kutoka kwa mdomo nitayatoa kwa wino. Kesho ukiwa chomboni, ukishalia ukachoka, isome.

Sitakwambia habari za kupika wala za kumwangalia mume. Hayo somo yako ameyasema tangu juzi, na mengine hata mimi niliyasikia upya nikaona haya. Wala sitakwambia uswali, najua utaswali. Nataka nikwambie habari za Bwana Mkubwa.

Usicheke. Leo hana raha kabisa. Anazunguka kiooni, anapanda, anashuka, anakwenda kuigonga ile pembe iliyozibwa, anarudi. Nimemtilia kaa mdogo, kamtazama tu kwa yale macho yake ya kuzunguka, kamwacha. Labda ni vishindo vya vinu, maana wanatwanga tangu alfajiri. Labda amejua. Babako anasema samaki hajui kitu, lakini babako naye ameshika ubao mmoja tangu asubuhi anauranda, anauranda, umebaki mwembamba hata mlango wa banda la kuku haufai. Kwa hiyo leo simsikilizi.

Unakumbuka ulivyomleta? Ulikuwa mdogo, meno ya mbele yametoka na mapya hayajaota. Yule Mdachi wa samaki, aliyekaa hapa Chole karibu na boma, alikuwa ameshaondoka. Sisi tulimwona mwendawazimu. Ananunua samaki kwa wavuvi, hali, anawatia katika chupa za dawa kali, wanakaa mle macho wazi. Na sanduku hili la vioo alikuwa akiwatia walio hai, awatazame kwanza kabla ya kuwaua. Lilipopasuka pembe akalitupa nyuma ya nyumba. Babako akaliokota kwa tamaa ya vioo, anataka kufanya dirisha. Wewe ukalala juu yake. "Langu, baba, langu!" Ukalia mpaka bibi yako akatoka na kata ya maji kukumwagia. Babako, ambaye kwa watu wengine ni mwanamume, akayeyusha sandarusi akaliziba ile pembe, na dirisha likaishia hapo.

Kesho yake ukaja mbio kutoka kule kwenye mikoko, kanga yangu mpya umeifunga kiunoni imejaa tope, kifuu cha nazi mikononi. "Mama, nimepata bunju!"

Yarabi, nilipiga ukelele. Bunju! Samaki ambaye mvuvi akimkuta wavuni humsukuma kwa kasia, asimguse. Samaki ambaye ukimla unaanza kufa ganzi midomoni, na ikifika kifuani watu wameshaanza kukusomea. Bibi yako, Mungu amrehemu, akasimama mlangoni akasema, "Hamadi, mwanao kaleta mauti ndani ya nyumba, na mkeo katumbua macho." Na wewe ukamjibu huku umemkumbatia adui yako, "Bibi, simli. Namtazama tu."

Naye yule samaki akajivimbisha pale pale, tumbo likawa duara, miiba midogo imesimama, macho yamemtoka. Ukasema, "Kama Bwana Mkubwa wa boma akikosa kuamkiwa." Nilikuziba mdomo, lakini jina likaganda. Mpaka leo sisahau siku ile askari amepita nje ya ua na mimi nasema kwa sauti, "Bwana Mkubwa leo kanuna, kanya sanduku zima." Yule askari alisimama. Nilijifanya nina kifaduro.

Sasa, habari ya maji. Mwanzo ulimtia maji ya bahari matupu, akawa hana nguvu. Ukamtia ya kisima, akawa mbaya zaidi. Ukarudi pale ulipomkuta, pale chemchemi inapovuja katikati ya mikoko na bahari inapanda kuikuta, ukachota kwa kiganja ukaonja. Ulirudi umekunja uso, unafikiri. "Mama, si ya bahari, si ya kisima. Ni maji ya kati." Nikakuuliza, maji ya kati ndiyo yapi? Ukasema, "Kama machozi." Nami nikaonja, nikaona kweli, ni chumvi ya machozi hasa. Tangu siku hiyo ulikuwa ukienda mwenyewe kuchota, unaonja, unatema, unaonja tena, watu wa mtaa wanakucheka. Na Bwana Mkubwa akanenepa. Akaanza kukujua. Ukikaribia kioo anakuja juu anakutemea maji usoni, mimi nikikaribia ananigeuzia mkia.

Niliona wivu, nakwambia kweli. Ndipo nikaanza kumbembeleza kwa chakula. Wewe ukimpa konokono mzima na gamba lake, alivunje kwa meno yale ya kama kasuku, ka! ka! mpaka usiku. Mimi nikasema, maskini, anateseka. Nikamtafutia kamba wazuri, nikamenya mmoja mmoja, nikamlisha nyama laini kwa ncha ya kijiti. Akala, akaanza kunipenda. Nikajiona mshindi. Baadaye tukaona anasogelea chakula, anafungua mdomo, hakiingii. Meno yamerefuka yameziba mlango! Kumbe magamba yale ndiyo yaliyokuwa yakiyapunguza. Babako, fundi wa vyombo vya bahari, mtu anayeogopewa na miti, akamfunga samaki katika kitambaa kibichi akamkata meno kwa tupa huku anamwomba radhi, na yule anavimba ndani ya kitambaa, na bibi yako aliyesema kaletewa mauti ndiye aliyeshika taa. "Taratibu, Hamadi! Taratibu, utamwumiza!" Tulicheka hata tukakaa chini.

Nami sikukoma. Mpaka jana nilikumenyea kaa, mtu mzima, mke wa mtu. Huko Kilwa kwa mumeo hapana wa kukumenyea. Utavunja mwenyewe, na vidole vitauma kidogo, na mimi hilo halinikoseshi usingizi.

Linalonikosesha ni lile la maji matamu.

Ngoja, naitwa. Wanataka ufunguo wa kasha.

Nimerudi. Walikuwa hawataki ufunguo, walitaka kunitazama kama nimelia. Sijalia. Hamadi amenipita hapa, akasema, "Mama Siti, kaa basi, unatembea kama kuku anayetafuta pa kutagia." Nikamwambia aende akaurande ubao wake.

Unakumbuka ulipokwenda Juani kwenye arusi ya binti wa shangazi yako? Ulikuwa umekua kidogo. Ukaniachia Bwana Mkubwa, ukaniapisha. "Mama, maji ya kati tu. Uende ukaonje." Nikasema nimesikia. Na hakika nilikwenda mara ya kwanza, nikachota, nikambadilishia. Lakini lilikuwa jua kali, kaskazi imekufa, hapana upepo, na yule samaki nikamwona anahema, kapauka. Nikakaa nikamtazama. Nikasema, huyu kiumbe tangu aje nyumbani kwangu hajanywa hata tone la maji mazuri. Mgeni wangu huyu. Anakunywa chumvi na mimi mtungi wangu umejaa.

Sasa wewe umezaliwa Chole, maji unayaona ni maji. Mimi mtu wa Jibondo. Kwetu kisiwani visima ni vya chumvi, maji ya kunywa huja kwa mashua, na mgeni akiingia nyumbani hapewi wali, hapewi nyama, hupewa maji matamu kwanza, katika kata iliyofukizwa ubani. Hiyo ndiyo heshima kubwa tuliyo nayo. Basi nikatafuta chetezo, nikatia kaa la moto na ubani, nikafukiza mtungi vizuri, nikaujaza maji ya kisima, yakatulia yakapoa. Nikamwaga yale ya kati yote. Nikammiminia Bwana Mkubwa maji matamu yanayonukia. Nikamwambia, "Karibu, na wewe ukae kitako leo." Wallahi nilimwambia hivyo. Na nikafurahi moyoni.

Ulirudi kesho yake. Ulimkuta amelala chini, tumbo limekuwa jeusi, mkia umejikunja. Ulitia kidole ukaonja, ukapiga ukelele ambao nausikia mpaka leo: "Mama, umempa maji matamu!"

Ukamtia katika kata ukakimbia naye mikokoni, mimi nyuma yako, kichwa wazi mbele za watu, sikujali. Ulimshika mkononi pale chemchemi inapokutana na bahari, maji yanampita mdomoni, mpaka akajipindua akakutemea. Ukakaa kwenye tope ukalia kwa furaha. Na toka siku ile nyumba hii ikawa na msemo wake. Babako akikosea kupima ubao, "Umempa maji matamu." Bibi yako akinijazia wali kupita kiasi, namwambia, mama, basi, maji matamu haya. Watu wa nje wakisikia wanadhani tunasifu.

Lakini hukujua kwa nini nililia sana siku ile. Uliniambia, "Mama, basi, amepona," na mimi naendelea. Ulidhani ni kwa ajili ya samaki.

Unajua niliolewa Juani kabla ya kuolewa na babako. Zaidi ya hapo hujui, na babako hajakwambia kwa kuwa nilimkataza. Yule bwana alikuwa na minazi mingi na dada mmoja. Hawakunipiga. Wangenipiga ningejua la kusema. Jina langu ni Mize, lakini katika nyumba ile nilikuwa "huyu wa Jibondo". Huyu wa Jibondo kaoga kwa kata moja kama anaweka akiba. Huyu wa Jibondo anakula sana. Yule bwana akirudi alikuwa akiongea na dada yake juu ya kichwa changu, na akiwa safari dada mtu hufunga ghala na ufunguo hulala nao. Nilikuwa nikilala na njaa. Ikafika mahali mtu pekee niliyekuwa nikizungumza naye alikuwa mbuzi, na mbuzi mwenyewe alikuwa mkorofi.

Na kisima ambacho watu wa Jibondo walikuwa wakija kuteka kilikuwa katika kiwanja cha bwana yule. Nyuma ya nyumba kabisa. Na mwenye mashua ya maji alikuwa babangu, babu yako Makame, ambaye hukumjua.

Haingii ndani, baba haendi kukaa nyumbani kwa mkwe wake. Anasimama kisimani na mitungi yake, na mimi natoka kumtekea. Shikamoo baba. Marahaba mwanangu. Kisha ananiuliza, "Maji ya huku vipi?" Kwetu ndivyo mtu aliye ugenini anavyoulizwa. Hatuulizi hujambo, hatuulizi wanakutendeaje. Tunauliza maji. Akisema ni matamu tunashukuru, tunakwenda zetu, kwani mahali penye maji matamu mtu wa Jibondo hawezi kufikiri kuna baya.

Nikamjibu, "Matamu, baba."

Anachota kwa kiganja, anaonja, anatikisa kichwa. "Wallahi, matamu." Namjazia mitungi, anaondoka anaimba.

Kila safari hivyo hivyo. Kila safari naapa nitasema, na kila safari naona mitungi ile. Nikisema, watagombana. Wakigombana, kisima kitafungwa. Kikifungwa, Jibondo nzima itakaa na kiu kwa ajili yangu. Mamangu atakaa na kiu. Nani mimi? Hivyo ndivyo nilivyojiambia, nikajiona mwema.

Mara ya mwisho alinitazama mikono. Bangili zilikuwa zimepanda mpaka kwenye kiwiko, zilikuwa hazina pa kushika. Aliiweka chini mitungi. Akaniuliza, "Mize, maji ya huku vipi?" Nikasema matamu. Hakuonja. Akasimama. Akaniuliza tena, polepole, "Mwanangu. Maji ya huku vipi?" Na yule dada mtu yuko mlangoni anatutazama. Nami nikacheka. Nikacheka, Siti, nikamwambia, "Baba, hebu onja mwenyewe, unauliza nini!" Akaonja. Yalikuwa matamu, yangekuwa vipi? Akabeba mitungi yake.

Sikumwona tena. Alifariki Jibondo kabla ya safari iliyofuata, na wanawake waliokuja kunipa mkono wa tanzia waliniambia mpaka mwisho alikuwa akisema, Mize wangu kapata, anakunywa maji matamu. Baadaye yule bwana aliniacha mwenyewe kwa kuwa sikuzaa, nikarudi kwetu, nikaolewa na babako, nikakuzaa wewe. Lakini baba alikuja na mashua nzima mpaka mlangoni kwangu, mara kadhaa wa kadhaa, na mimi nikamjazia maji nikamrudisha. Siku uliyonipigia ukelele kuwa nimempa samaki maji matamu, nilisikia kama baba ameelewa mwishowe na amenipigia yeye.

Sasa kwa nini nakwambia haya leo, siku ya furaha, badala ya kukuombea dua nikanyamaza?

Kwa sababu juzi, kabla ya kuolewa, nilikuuliza pale jikoni. "Siti, mtu huyu unamtaka?" Ukasema, "Vizuri tu, mama." Na ukacheka.

Kile kicheko nakijua. Ni changu mimi.

Sisemi mumeo ni mbaya. Nimemwona, ana adabu, ameamkia watu wote hata wapishi, na mamake alinishika mikono yote miwili. Inawezekana ulicheka kwa haya tu, kama msichana yeyote, na mimi naona mashetani mchana. Naomba iwe hivyo. Lakini najua pia kwamba wazee wake ndio waliomwagiza babako kile chombo kilicho kwenye magogo pwani, na najua kwamba babako tangu boma lianze kununua vyombo mahali pengine hajapata kazi kubwa kama ile. Na wewe unajua. Ulikuwa ukipita pale kila siku ukimpelekea chakula, umeona uso wake ulivyong'aa. Wewe ni mtoto wa kumwona mwenzio kwanza. Nilikuona unamtazama babako, kisha nikauliza, kisha ukacheka.

Basi nimekwenda kumwuliza. Leo hii, kabla sijachukua kalamu. Nikamwambia, "Hamadi, akirudi mtoto, chombo kitakuwaje?" Alikuwa anaranda. Hakuinua kichwa. Akasema, "Kitakuwa kuni." Akaendelea kuranda. Ndiyo habari ya ule ubao. Nimekuandikia maneno yake kama alivyoyasema, sikuongeza wala sikupunguza, usije huko ukajitengenezea kisima chako cha kuwaonea watu huruma.

Muadhini ameadhini magharibi, nimeswali nimerudi. Siwezi kukaa ndani. Bwana Mkubwa ametulia kidogo, amemla yule kaa, nimesikia gamba likivunjika. Wewe huko wanakuimbia.

Nilifikiri nikupe Bwana Mkubwa uende naye. Babako angekutengenezea kibanda chomboni. Kisha nikasema hapana, huko hujui chemchemi inapokutana na bahari wapi, utakuwa unahangaika na kata yako na watu hawajakuzoea, watasema tumeoa mchawi. Atabaki na mimi. Nitakwenda mikokoni mwenyewe, nitaonja, nitatema, wanicheke mimi sasa. Nimeshakosea kwake kila namna, sina kosa jipya lililobaki.

Lakini kwako naweza kukosea tena, kwa hiyo nisikilize sana hapa.

Barua zako zitakuja na manahodha, na kabla ya kufungwa huko zitasomwa. Si kwa ubaya. Barua ya bibi arusi ni ya nyumba nzima, mkwe atataka kuona umewasalimu watu wake sawasawa. Na zangu zikifika zitasomwa barazani kwa sauti. Basi hapana mtu atakayeandika neno la ndani. Na hata kama ungeweza kuliandika, nakujua, usingeliandika. Ungecheka.

Kwa hiyo nitakuuliza maji. Kila barua yangu, baada ya salamu, nitauliza, "Maji ya huko vipi?" Watasema huyo mama ni mtu wa Jibondo, mwache na maji yake. Nawe unijibu. Uniandikie maji ni ya chumvi. Uniandikie kisima kiko mbali, ndoo inavuja, maji yana vidudu, mama nimechoka na maji ya huku. Ukilalamika hivyo nitakaa kitako nile wali wangu, nitajua mwanangu mzima, ana mdomo, ana ugomvi wake wa kila siku kama mke yeyote. Ukiandika ya kati, nitapika mkate wa mofa nigawie mtaa.

Lakini ukiniandikia kwamba maji ya huko ni matamu, Siti, sitauliza mara ya pili. Hata kama umeandika kwa mwandiko mzuri. Hata kama umecheka ndani ya wino. Wao wataisoma barazani wafurahi, bibi arusi anasifu kisima chetu. Na mimi siku hiyo hiyo nitatafuta chombo. Nitashuka Kilwa na mitungi mitupu kichwani na mikononi, na hapana atakayeshangaa, mtu wa Jibondo kufuata maji matamu popote yalipo ni jambo la kawaida. Nitasimama kisimani kwao. Utatoka kunitekea, utaniamkia, nami nitakuitikia. Kisha nitakushika mkono, tutakwenda zetu pwani mimi na wewe, na mitungi nitaiacha pale pale chini, haina kitu.

Ukishaisoma hii itose baharini, hao samaki wa huko hawajui kusoma.

Sasa wanafungua mlango. Somo yako anatoka kutema tambuu, na mlango umebaki wazi. Naingia. Wakinifukuza leo tutagombana.

Mimi mamako,
Mize binti Makame, wa Jibondo